Maganda Yaliyong'aa Siku ya Harusi Yangu

Nnakumbuka harufu kwanza, mwanangu, kabla sijakumbuka uso wa mtu yeyote. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, na kesho yake ndiyo harusi yangu. Nilikuwa nimewekwa ndani, nyumbani kwetu Qantab, kijiji cha pwani karibu na Maskati, nimekaa juu ya mkeka na mikono yote miwili imepakwa hina na kufungwa vitambaa, hata inzi akitua puani sina wa kumfukuza. Baba akabisha hodi, akaingia amekumbatia kopo kubwa la biskuti. Akakaa mbele yangu, akafungua kifuniko, na ile harufu ikanipanda mpaka machoni.

Ndani ya kopo hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na maganda ya risasi, yale ya shaba yanayobaki bunduki ikishapigwa. Usinitazame hivyo. Nyie wa siku hizi harusi zenu zinafanywa kwenye ukumbi wa kukodi, keki ina ghorofa, na mlio mkubwa mnaousikia ni wa spika. Kwetu sisi harusi ilikuwa bado haijawa harusi mpaka bunduki ilie.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu babu yangu, kongwe, ya kupiga moja moja. Unatia, unapiga, unatoa ganda, unatia nyingine. Babu aliiacha kwa ndugu zake bara, huku huku Oman, alipokwenda zake Tabora kufungua duka. Sisi tuliporudi miaka mingi baadaye, wale ndugu wakampa Baba kwa roho safi. Lakini risasi za bunduki ile zilikuwa haziuzwi tena popote. Ukitaka kuipiga lazima uwe na maganda ya zamani, uyasafishe, utie fataki mpya ya kuwashia kwenye kitako, utie baruti, uzibe mdomo kwa kitambaa. Ile risasi yenyewe ya kuua hatukuitia, maana ni mlio tu tuliokuwa tukiutaka. Kazi hiyo Baba alifunzwa na babake huko Tabora walikokuwa wakiwinda, na mie nikafunzwa na Baba.

Mie, ndiyo. Macho ya Baba yalianza kufifia mapema, na kakangu Khalfan hakuwa na subira ya kukaa na kitu kidogo mkononi. Basi nikaitwa mie. Baba alinitengenezea waya mwembamba, ncha yake imepindwa. Unauingiza ndani ya ganda, unaupitisha taratibu karibu na kitako. Ukikwama mahali, kama kucha inavyokwama kwenye mwanya wa meza, basi ganda hilo limeanza kukatika kwa ndani na halifai tena. Kisha unatazama nje kama pana mstari mweupe unaozunguka, kisha unatazama mdomo kama una ufa. Shaba inachoka, mwanangu. Kila ikipigwa moto inatanuka, kila ukiirudisha kwenye umbo lake inakakamaa kidogo, mpaka siku moja inakataa. Na ikikataa haina adabu. Moto uliokuwa utoke mbele unarudi nyuma, usoni mwa aliyeshika bunduki.

Na aliyekuwa ashike bunduki kesho yake ni Khalfan, kakangu wa pekee, aliyepewa macho mazuri na kope ndefu ambazo nilikuwa nikimwonea wivu tangu tukiwa watoto. Nilimpenda mno, japo sikumwambia hata siku moja, na yeye alikuwa akiniita kiroboto.

Sasa nikueleze kwa nini bunduki ilikuwa lazima. Watu wa Nasor, ambaye ndiye babu yenu, ni wa bara, hawakuwahi kuvuka bahari. Walitupenda, sitowasingizia, lakini pembeni walituita Zinjibari. Hata Baba walimwita hivyo, na yeye Zanzibar aliipita tu, akaoa, akarudi zake Tabora. Walisema Kiarabu chetu kimechanganyika na nazi, na kwamba wanaume wetu hawajui razha. Razha ni mchezo wao wa panga na bunduki: wanaume wanasimama safu mbili, ngoma zinapigwa, na mashairi yanatupwa kutoka upande huu kwenda upande ule. Kwenye razha ya harusi, upande wa bwana harusi unakuja ukipiga bunduki, na wenyeji wanajibu. Wao wakipiga, nawe unapiga. Usipojibu, umewapokea wageni kwa kimya, na maneno hayo yatasemwa kwenye kila majlisi, kila sebule ya kupokelea wageni, mpaka wajukuu wako waote ndevu. Baba alikuwa ameingoja siku hiyo tangu aliposhuka uwanja wa ndege. Alitaka mara moja tu, mlangoni kwake mwenyewe, aonekane mwana wa nchi hii.

Basi tukawa tumekaa, mie na Baba na lile kopo.

"Baba, mbona yananuka?"

"Nawe umeisikia," akasema. "Nilidhani ni pua yangu tu."

Maganda yetu siku zote yalikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Haya yalikuwa yanang'aa, mwanangu, ukiyatazama unajiona. Baba akachukua moja, akasogea nalo dirishani, akaligeuza geuza karibu na jicho. Kisha akatoa koleo mfukoni, akabana mdomo wa lile ganda polepole. Ganda zima ukilibana hivyo linapinda. Hili lilipasuka, kwa mlio mdogo kama ukwaju mkavu ukimenywa. Akachukua la pili, likapasuka. La tatu hivyo hivyo. Akayaweka kwenye kiganja cha mkono, akawa anayatazama.

"Huko Tabora," akaniambia, "babangu aliweka risasi kwenye ghala lililopakana na zizi la mbuzi. Masika ilipoingia tukaenda kuzitoa, tukakuta maganda yamepasuka yenyewe, hayajapigwa wala kuguswa. Ghala zima linanuka mkojo wa mbuzi. Babangu akasema shaba iliyochoka haiwezani na harufu hii, inaingia ndani yake na kuivunja. Tangu siku hiyo nikiisikia karibu na baruti nnaogopa."

Na hapo nikajua wapi nimeisikia mie. Ilikuwa ile dawa ya maji ya kusafishia shaba. Mwezi mzima nyumba yetu ilikuwa inanuka dawa hiyo, kwa sababu nyumba ya Kizanzibari ikingoja harusi haikubali shaba iliyofifia. Mabuli ya kahawa, masinia, misumari ya masanduku, vitasa vya milango, vyote vilisuguliwa. Na aliyevisugua ni Mama Mdogo Zuwena, mdogo wake mamangu. Mama yangu alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na Mama Mdogo alitoka Unguja akaja Maskati kwa ajili yangu, nisiolewe bila ya mama.

Kabla hatujasema neno, mwenyewe huyo akaingia na sinia la kahawa.

"Ah, shemeji, umeshayaona," akasema, sauti imejaa furaha na kuvunjika moyo kidogo. "Nilitaka nikushitukize kesho. Niliyakuta stoo, meusi, yametupwa. Nikayaroweka kwenye dawa usiku kucha, nikayasugua moja moja, tazama kucha zangu. Siku nyingi hizo, nimeyafungia humo yasipate vumbi. Wale watu wa bara wakija waone kwamba kwetu sisi hata risasi zinaoshwa."

Baba alikuwa keshafumba kiganja chake, yale yaliyopasuka yamo ndani.

"Zuwena," akasema, "Allah akulipe kheri. Sijapata kuona maganda yaking'aa namna hii."

Na hilo, ukilipima, halikuwa na uongo hata chembe. Mama Mdogo akacheka, akanimiminia kahawa, akaninywesha kwa mkono wake kama mtoto, kisha akatoka anaimba.

"Baba, mwite," nikasema. "Mwambie alichokifanya. Kaharibu yote, na kesho watu watakuja, na Khalfan angeweza kupofuka."

"Nikimwambia, maganda yatapona?"

"Hayatopona, lakini ajue."

Baba akaniangalia. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha, lakini kila neno lilinichoma. "Huyu kavuka bahari na msiba wa dada yake kifuani, aje awe mama yako kwa siku chache. Unataka kesho akutoe ndani huku analia? Ganda nimelikagua nikalikataa, yameishia hapo. Zuwena sikuletewa nimkague. Na wewe, neno hili lisitoke katika chumba hiki maadamu yu hai."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa msichana mkali, mwanangu, nilijiona nina haki kwa sababu nilikuwa nimesema kweli. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kufahamu kwamba babangu ni mtu mkubwa, na nilikuwa nimekaa naye maisha yangu yote.

Khalfan alipoambiwa kuwa maganda yameharibika, hakuambiwa vipi. Akakimbilia soko la Matrah kabla maduka hayajafungwa. Kule sokoni, ndani ndani ya vichochoro, kuna wauzaji wa vitu vya kale wanaouza majambia na mabuli kwa wageni, na maganda ya risasi pia huwapo, watu wananunua wakaweke rafuni. Akarudi na mfuko mzima, uso umechangamka. Baba akayamwaga sakafuni. Subhanallah, ulikuwa uchafu mtupu. Mengine yalikuwa ya bunduki nyengine kabisa, yamepigwa nyundo yapate kufanana. Mengine yalikuwa na ufa uliojazwa kitu kama gundi, ukapakwa rangi juu. Baba akawa anaangusha moja moja kwenye sakafu ya saruji na kusikiliza. Ganda zima linalia vizuri, lililopasuka linatoa sauti ya kopo. Yote yakatoa sauti ya kopo.

Khalfan akavuta pumzi. "Basi Baba, tutumie haya yetu yanayong'aa. Tutie baruti kidogo tu. Kesho watatucheka."

"Baruti utapunguza," Baba akamjibu. "Na jicho utalipunguza vipi?"

Yaliyosalimika yalikuwa manne. Baba alikuwa kayafunga kwenye leso, sandukuni mwake, kumbukumbu ya marehemu babu, ndiyo maana Mama Mdogo hakuyaona. Mikono yangu imefungwa, siwezi kushika waya, na macho ya Baba hayaoni ndani ya ganda. Unajua tulifanyaje? Aliliweka kila ganda sikioni mwangu, akawa anapitisha waya yeye, na mie nasikiliza kama unakwaruza. Baba yangu kainama, ndevu zake zinanigusa shavu, na ndani ya sikio langu ule waya unateleza, unateleza, bila kukwama popote. Yote manne yalikuwa mazima. Nikamwambia, "Haya yanafaa, Baba," naye akashukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Kesho yake jua lilipoanza kuinama wakaja. Qantab imezungukwa na milima, kijiji kimebanwa baina ya mawe na maji, na mlio wowote ukitoka unazunguka unarudi. Tulisikia ngoma kutoka barabara ya juu, kisha bunduki zao, moja, nyengine, nyengine tena, na kila mlio milima iliurudia. Mama Mdogo alikuwa kakaa nami ghorofani, dirishani nyuma ya pazia, kanishika bega. Niliona safu ya wanaume wanateremka, panga zinametameta, na Nasor katikati yao kavaa joho jeusi, kainamisha kichwa kwa haya. Babu yake Nasor alikuwa mbele, mzee mwembamba kwelikweli, anatembea kwa fimbo. Watu wakampisha.

Khalfan akajibu. Mlio wa kwanza ulikuwa mzuri, nikausikia kifuani. Wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha kimya.

Wao wakapiga tena. Sisi kimya.

Na hapo Baba akafanya jambo ambalo sijapata kuliona kwa mtu mwengine tangu siku hiyo. Alitandika mkeka mdogo mbele ya mlango wake, katikati ya safu mbili, macho yote yanamwangalia, akakaa kitako. Akapokea maganda manne yaliyopigwa, bado yana joto. Akalichukua la kwanza, akalifuta. Akapitisha kucha nje. Akaingiza waya, akalileta sikioni mwake, akasikiliza, pamoja na ngoma zote zile. Kisha ndipo akatia fataki, akatia baruti, akaziba kwa kitambaa, akampa Khalfan. Khalfan akapiga. Baba akachukua la pili, akaanza upya, haongezi mwendo, hapunguzi. Alikuwa kavaa vazi lake zuri kuliko yote, na moshi wa baruti umeshamchafua mikono mpaka viwikoni.

Vijana wa kule upande wa pili wakaanza kucheka. Mmoja akatupa ubeti kwa Kiarabu, kwamba bunduki ya Zinjibari inakula kwa zamu kama watoto wa shule. Safu yao nzima ikaurudia. Niliona masikio ya Khalfan yamekuwa mekundu. Baba hakuinua hata kichwa.

Mama Mdogo akageuka kunitazama. "Wanatucheka kwa nini, na maganda tunayo kopo zima? Kwa nini hawayatumii yale yangu?"

Niseme nini, mwanangu? Nikasema, "Baba anajua mwenyewe, Mama." Hakuridhika. Alikuwa mwanamke wa vitendo. Kabla sijamshika nguo keshatoka, na nilipotazama tena chini nikaona kopo la biskuti linapita mkono kwa mkono kutoka mlangoni, likawekwa juu ya mkeka mbele ya Baba, na mtu akafungua kifuniko.

Jua likayapiga. Yakawaka. Watu wakanyanyua shingo. Ngoma zikapungua, na yule mzee, babu yake Nasor, akasogea na fimbo yake mpaka ukingoni mwa mkeka. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Ewe mwenyeji wetu, una maganda mengi na mazuri namna hii, unatungojesha kwa manne?"

Mama Mdogo alikuwa pale chini nyuma ya mlango, kafunika uso kwa mtandio, anangoja kusikia kazi yake ikisifiwa. Baba akisema haya ni mabovu, watauliza nani kayaharibu, na jibu litamkuta kasimama pale pale. Asiposema kitu, kijana yeyote mwenye haraka atainama achukue moja, alitie kwenye bunduki, pengine Khalfan mwenyewe. Nilikuwa naona mkono wa kakangu unavyotaka kunyooka.

Baba akaweka mkono wake juu ya kopo.

"Sheikh," akasema, "haya si ya kuungua. Ni zawadi ya bibi harusi. Mama yake mdogo kayasafisha kwa mkono wake, ganda moja moja, yaende nyumbani kwenu pamoja naye. Baruti haitoingia humu tena. Lakini wewe ni mkubwa wa nyumba inayopokea, chukua moja utazame."

Akachagua moja mwenyewe, akampa. Mzee akalipokea. Kwanza alilitazama kama mtu anavyotazama kitu kizuri. Kisha nikaona pua yake imesita. Akalisogeza karibu, akanusa. Akapitisha kucha ya gumba kwenye mdomo wa ganda, polepole, akaisimamisha mahali, akairudisha, akaisimamisha pale pale tena. Akamtazama Baba. Baba akamtazama yeye. Kulikuwa na umati wa watu pale, na vijana wenye panga, na katika wote hao ni wawili tu walioelewa yote, mmoja amekaa na mmoja amesimama, na kila mmoja anamwomba mwenzake asiseme.

Mzee akalitia lile ganda mfukoni mwake. Akafunga kifuniko cha kopo yeye mwenyewe, akalichukua, akaliweka chini ya kwapa.

"Zawadi imepokewa," akasema. "Anayeligusa kopo hili kwa baruti, kanigusa mimi." Kisha akageukia vijana wake. "Na nyie mnaocheka, hamjaona mtu akiheshimu bunduki? Kuanzia sasa hakuna kupiga mpaka wao wapige. Tunangoja. Mbele ya mlango wa huyu mtu tutangoja mpaka magharibi akitaka."

Wakangoja. Razha ikawa ya taratibu, mwendo wa mikono ya Baba. Anakagua, anasikiliza, anajaza, Khalfan anapiga, milima inajibu, wao wanapiga mara moja, halafu kimya kinarudi na watu wote wanaangalia wazee wawili. Kwani yule mzee alikaa pale mkekani, mguu juu ya mguu, akawa anampokeza Baba vitambaa vya kuzibia. Katika kupiga kwa mwisho mwisho Baba akapitisha waya kwenye ganda moja, akasita, akaliweka kando. Yakabaki matatu. Hakuna aliyecheka. Hata yule kijana wa ule ubeti alikuwa kanyoosha shingo atazame waya unavyoingia. Watu waliokuwapo walisema baadaye kwamba hawajapata kuona razha yenye haiba kama ile, na mie nnasema hivyo hivyo.

Khalfan aliingia ndani kuniaga, uso mweusi wa moshi na macho yake mawili yanacheka. Niliyatazama yale macho nikalia. Akadhani nnalia kwa sababu nnaolewa.

Nilipokwenda kwa mume, lile kopo lilikwenda. Siku chache baadaye nikamkuta yule mzee uani, na msumari na nyundo, anatoboa kila ganda ubavuni ili lisiweze kutiwa baruti na yeyote. Alikuwa akifanya peke yake, hakumruhusu mtu kumsaidia. Alipomaliza akayatunga kwenye uzi wa ngozi, akaupitisha ukutani kwenye majlisi, juu ya mahali anapokaa mgeni wa heshima. Mama Mdogo alipokuja kuniaga, kabla hajarudi Unguja, wakamkaribisha akayaone. Alisimama pale akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akasema, "Na mie nilidhani mmeyadharau."

Nilimuuliza Baba siku moja kama hakuogopa kusema uongo. Maana yale hayakuwa zawadi. Akanijibu, "Nilipolitamka ndipo yalipokuwa zawadi. Kabla ya hapo yalikuwa maganda mabovu. Nimetoa changu, nimedanganya nini?" Akacheka. Kisha akasema, "Lakini ningeshindwa kupata neno hilo, ningesema nimeyaharibu mimi."

Mama Mdogo aliishi sana. Kila akipiga simu kutoka Unguja hakosi kuitaja siku ile. Ananiuliza, yapo bado? Yanang'aa? Nnamwambia yapo Mama, yanang'aa. Mwaka aliokufa alikuwa keshasahau majina ya watoto wangu, lakini alimsimulia kila muuguzi aliyemgeuza kitandani kwamba huko Maskati, kwenye nyumba ya watu wakubwa, kazi ya mikono yake imetundikwa juu ya kichwa cha mgeni wa heshima. Alikufa nayo furaha hiyo. Hakuna aliyemnyang'anya. Mie nimeifunga siri hiyo miaka yote hii, na leo ndiyo kwanza nnaifungua, kwa sababu Baba aliniambia maadamu yu hai, na Mama Mdogo hayuko tena.

Sasa sikiliza mwanangu, nawe uliyekaa pembeni unayejifanya husikii. Kitu kitakachobeba uhai wa mtu kikague mwenyewe, kwa kucha, kwa pua, kwa sikio, na mng'ao usikuambie lolote. Kikiwa kibovu kikatae. Usikipunguzie baruti ukitarajia kitavumilia, na usione haya watu wakikungoja, wala wakikucheka wakati wanakungoja. Hapo uwe mkali kuliko mimi. Lakini ukishalikataa ganda, ukali wako uishie kwenye ganda. Aliyelikosea kwa mapenzi, mtafutie mlango atoke kichwa kikiwa juu. Pengine utapata neno zuri la kusema, pengine hutopata, na usipopata basi lichukue kosa liwe lako, litakuuma siku moja na litapita. Mtu aliyevunjwa moyo mbele za watu haponi kwa siku moja.

Mwenyezi Mungu akupe ukucha wa kuuhisi ufa kabla ya moto, akuhifadhie macho yako na ya ndugu zako, na akujaalie watu watakaokuhifadhia aibu yako usijue kamwe kama waliwahi kuihifadhi. Amin. Haya, nipe mkono niinuke, adhana hiyo.